Jina Aliloitikia Mwinyi Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa jina!"
"Nani kalitunga?"
"Si mwenyewe!"

Haya, mmeitika vizuri, ingawa wawili kati yenu mmeitika huku mnatafuna. Sogeeni, ila msiuguse ungo wangu. Nachagua mchele hapa, na jiwe likinipita mtanilaumu mimi, si ungo.

Makame, mtoto wa kaka yangu, leo karudi shule na swali. Anasema mwalimu kawasomea habari za wafalme wa zama za kati huko ng'ambo, na majina yao: mmoja Mkuu, mmoja Jasiri, mmoja Mnene, mmoja Kipara. Sasa ananiuliza, "Shangazi, huyo Mkuu naelewa. Lakini ni mfalme gani mwenye akili timamu akubali kuitwa Mnene?"

Swali zuri. Kitabu cha mwalimu sijakisoma, na wafalme wa ng'ambo simjui hata mmoja. Namjua wa kwetu, wa wakati ule wanyama walipokuwa na miji na masultani na makelele ya baraza kama watu. Huyo nitawaambia alivyopata jina lake. Wale wengine mtajipimia wenyewe.

Palikuwa na mji uitwao Vumbini. Mwaka huo mvua ilikuwa imeununia mji. Visima vilikauka, mito ikabaki mchanga, ikasalia chemchemi moja tu, nyembamba, ikidondoka ndani ya birika la mawe. Tiriri, tiriri, tiriri. Birika likijaa, Korongo mlinzi wa maji hunyoosha shingo na kuita jina:

"Kweee! Birika limejaa! Yuko wapi Fulani?"

Fulani huitika, "Naam!" Hunywa, hujaza kibuyu chake, huenda zake. Kisha tiriri, tiriri, tiriri, birika hujaa tena, Korongo huita jina jingine. Asiye na jina hana zamu, na asiye na zamu hulamba umande.

Na mila ya Vumbini kuhusu jina ilikuwa moja. Jina si la anayelitaka. Jina ni la anayeitwa akaitika mbele za watu. Mtoto akizaliwa, siku ya saba hupelekwa chemchemini, Korongo humwita, mama yake humwitikia, basi, jina limekaa.

Sultani wa mji alikuwa Kiboko. Mwinyi Kiboko! Mkubwa huyo, tumbo lake likiingia barazani asubuhi, mkia unaingia adhuhuri. Na zamu yake alikuwa nayo kama wengine. Birika moja. Lakini birika moja katika tumbo lile lilikuwa kama mate. Akalala akifikiri, akaamka akifikiri, na alichofikiri kilikuwa kibaya.

Asubuhi Korongo akaita, "Kweee! Birika limejaa! Yuko wapi Mvumilivu?"

Mvumilivu lilikuwa jina la Kobe. Kobe, mnamjua mwendo wake, akafungua kinywa polepole aitike. Kabla hajamaliza kufungua, Kiboko akanguruma:

"Naam! Ndiye mimi!"

Gubu, gubu, gubu! Birika kavu.

Kobe akasema, "Mwinyi, hilo jina langu."

Kiboko akajifuta midomo. "Umeitika wewe au nimeitika mimi?"

"Umeitika wewe, Mwinyi."

"Basi Mvumilivu ni mimi. Wewe vumilia."

Siku ya pili Korongo akaita, "Yuko wapi Mkarimu?" Mkarimu alikuwa Njiwa. Kiboko akanguruma, "Naam! Ndiye mimi!" Gubu, gubu, gubu. Mwizi wa maji akawa Mkarimu. Siku ya tatu likaitwa jina la Swala, Mzuri. "Naam! Ndiye mimi!" Makame, usicheke, ndivyo alivyojiita, na meno yale kama vigingi vya boma! Gubu, gubu, gubu. Ikaja zamu ya Nguchiro, mnyama mdogo mwenye pua ya udadisi, ambaye jina lake lilikuwa Mwerevu. "Naam! Ndiye mimi!" Na la mke wa Nguchiro. Na la jirani wa Nguchiro.

Mwisho mji mzima ukawa hauna jina. Wanyama wakawa wanaitana, "We uliye pale!" na "Nyie wa nyumba ya pili!" Wakalamba umande majanini alfajiri kabla jua halijauiba. Na Mwinyi Kiboko alikuwa Mvumilivu, Mkarimu, Mzuri, Mwerevu, Mpole na Mwenye Haya, yote peke yake, na kila jina lilimpa birika.

Wakati huo mke wa Nguchiro akajifungua mtoto wa kiume, mdogo kama kokwa la embe. Nguchiro akafurahi akaruka juu ya paa.

"Jina la mtoto hajalisikia mtu," alimwambia mkewe. "Tutamwita Shujaa, jina la babu yangu aliyemng'ata swila utosini. Akiitikiwa tu, ana zamu. Akiwa na zamu, wewe utakunywa, na wewe ukinywa, mtoto atapata maziwa."

Maana maziwa ya mama yule yalikuwa yamekaribia kukatika. Umande haumtoshi mama anayenyonyesha, hilo mnalijua, na kama hamlijui muulizeni mama yenu. Mtoto alikuwa akinyonya, akiacha, akilia kwa sauti ndogo, "nyii, nyii," kisha anachoka hata kulia. Mama asipopata maji, mtoto alikuwa anakwenda kufa. Hivyo tu, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Siku ya saba ikafika. Wakambeba mtoto mpaka chemchemini. Nguchiro akamnong'oneza Korongo jina. Korongo akanyoosha shingo.

"Kweee! Birika limejaa! Yuko wapi Shujaa?"

Mama akafungua kinywa, lakini koo lilikuwa kavu. Sauti ikachelewa kidogo tu, kama anayemeza kwanza.

"Naam! Ndiye mimi!"

Gubu, gubu, gubu! Birika kavu.

Mji wote ukatazama chini. Hata Ngiri, waziri wa Kiboko, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka sultani anapocheka, aliangalia kwato zake.

Nguchiro akasema, "Mwinyi, huyu ni mtoto wa siku saba."

"Na aitike kwa sauti ya siku saba," Kiboko akasema, akacheua. "Nimemzuia nani?"

Mke wa Nguchiro alilia njia nzima mpaka nyumbani. Nguchiro hakulia. Nguchiro alikuwa na hasira, na hasira ya mdogo haina pa kupasukia, huingia kichwani ikafanya kazi. Akakaa kizingitini akiwaza. Akajiambia, "Huyu bwana hasikii jina anapoitwa. Anasikia maji tu. Ngoja nimpime."

Kesho yake akaja chemchemini na muwa. Akamwambia Korongo, "Bwana Korongo, niitie jina hili, na atakayeitika mzigo wake ni muwa huu: Mwenye-Masikio-Kiduchu."

Korongo hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kufuata mila kama kipofu afuatavyo fimbo. Mila ilisema aite, akaita. "Yuko wapi Mwenye-Masikio-Kiduchu?"

"Naam! Ndiye mimi!" Kacha, kacha, muwa ukaisha.

Siku ya pili Nguchiro akaja na boga la mwisho kutoka paa la nyumba yake. "Bwana Korongo, niitie: Harufu-ya-Matope."

"Yuko wapi Harufu-ya-Matope?"

"Naam! Ndiye mimi!" Kwacha! Boga likaingia zima.

Ngiri waziri akamsogelea bwana wake, akanong'ona, "Mwinyi, umesikia ulivyoitwa? Wamekuita Harufu-ya-Matope."

Kiboko akamtazama kwa huruma. "Na boga kalila nani, Ngiri? Mimi au wewe?"

"Umelila wewe, Mwinyi."

"Basi."

Nguchiro alipolisikia hilo alirudi nyumbani mbio, mkia juu. Akamwambia mkewe, "Mama Shujaa, mtulize mtoto. Siku ya siwa i karibu."

Ngojeni niwaeleze siku ya siwa, maana Makame ananitolea macho. Siwa ni ile baragumu kubwa ya kifalme, ya pembe, inayolia mpaka mbavu zinatetema. Kila sultani wa Vumbini alikuwa na siku yake ya siwa, mara moja tu katika maisha. Siku hiyo sultani huvua majina yake yote, yanarudi kwa watu, akabaki mtupu kama alivyozaliwa. Kisha raia huleta jina na mzigo wake. Lililoletwa la kwanza huitwa la kwanza. Korongo huita mara tatu, na sultani akiitika mara tatu, siwa inapigwa, na jina hilo ndilo atakaloitwa na wajukuu wa wajukuu mpaka dunia ichoke. Halivuliki, halibadiliki, halisuguliki kwa mchanga.

Kiboko alikuwa ameshalichagua lake. Alimwagiza Ngiri alilete: Mkuu-wa-Wakuu. Na akamwagiza alilete na mzigo wa mihogo. Baada ya hapo, kesho yake, angeanza tena kuitika majina ya watu, moja baada ya jingine, kwani nani angemzuia?

Ngiri alikuwa na ugonjwa mmoja. Akipewa mihogo ya kubeba, hubeba mingine tumboni. Basi siku ya siwa alichelewa njiani akipunguza mzigo, na alipofika kwenye uwanja wa chemchemi, akiwa na kikapu chenye mihogo miwili na maganda, alikuta Nguchiro yuko mbele.

Nguchiro alikuwa amekaa kando ya rundo. Rundo kubwa! Limefunikwa majamvi, limefungwa kamba, limeinuka kama kichuguu. Na vitu vya chini ya jamvi vilikuwa vya mviringo, vimejitokeza huku na huku, duara, duara, duara. Kiboko alipoliona rundo, mate yakamtoka mpaka kifuani. Aliona matikiti. Hakuna aliyemwambia ni matikiti. Tumbo lake ndilo lililomwambia.

"Nguchiro," akasema kwa sauti tamu, "umeniletea jina?"

Nguchiro akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Hapana, Mwinyi. Nisamehe. Hili nimelileta, lakini si lako."

"Si langu?"

"La mkubwa mmoja wa humu humu mjini. Mwenye nguvu sana. Hakuna nyumba isiyomjua, na wengine wakimwota huamka wakilia. Nataka liitwe tu, aitike mwenyewe, achukue mzigo wake. Wewe ngoja la waziri wako. Naona kakuletea maganda mazuri."

Kiboko akavimba. Masikio yale madogo yakatetemeka. "Mkubwa mwingine? Mjini mwangu? Kuna jina katika mji huu lisilo langu?"

"Mwinyi, nakusihi, hili liache."

"Usinifundishe cha kuacha! Korongo! Vua majina yangu, uite!"

Korongo akayataja majina moja moja: Mvumilivu, Mkarimu, Mzuri, Mwerevu, Mpole, Mwenye Haya, Shujaa, na yale ya mwisho ya muwa na boga. Kila aliyesikia jina lake likivuliwa alishika kifua. Kiboko hakuyasikiliza. Alikuwa anahesabu matikiti kwa macho.

Kisha Nguchiro akamnong'oneza Korongo jina alilolileta. Korongo, ambaye hajawahi kucheka, alikohoa. Akamtazama Nguchiro. Akamtazama mtoto mgongoni mwa mama yake. Kisha akanyoosha shingo kuliko siku zote.

"Kweee! Mzigo umefika! Yuko wapi Mnywa-Zamu-ya-Mtoto?"

Kila neno lilisikika mpaka nyumba ya mwisho.

"Naam!" Kiboko akanguruma. "Ndiye mimi!"

Ngiri akadondosha kikapu, akamkimbilia. "Mwinyi! Mwinyi, sikiliza kwanza jina!"

"Nyamaza! Nikikaa kusikiliza, mwingine ataitika."

"Kweee! Yuko wapi Mnywa-Zamu-ya-Mtoto?"

"Mwinyi, kwa miguu yako minne, sikili—"

"Naam! Ndiye mimi! Na huyu mwenye kelele mtoeni hapa!"

Ngiri akatolewa, kwikwi, kwikwi, anaburuzwa kwa mkia. Nguchiro akapiga magoti, akasema kwa sauti ya kilio, "Jamani, mwenye jina yuko wapi? Mbona haitiki mwenyewe? Mzigo wake huu utaliwa na mwingine!" Kiboko aliposikia "utaliwa," hakungoja hata Korongo amalize la tatu.

"Kweee! Yuko wapi Mnywa-Zamu—"

"Naam! Naam! Ndiye mimi, ndiye mimi, hakuna mwingine! Mnywa-Zamu-ya-Mtoto ni mimi, baba yangu shahidi!"

Vuuuuuu! Siwa ikalia. Mbavu zikatetema, ndege wakaruka kutoka mitini, vumbi likainuka. Vuuuuuu!

Ilipokwisha kulia palikuwa na ukimya, na katika ukimya ule Kiboko alijisikia mwenyewe. Alilirudia jina midomoni, taratibu, kama mtu aliyemeza kitu na sasa anakitafuta kilipo. "Mnywa... Zamu... ya Mtoto." Masikio yakalala.

"Korongo," akasema, "hilo livue."

"Halivuliki, Mwinyi."

"Ni kosa. Wameniita vibaya."

"Nimeita mimi, Mwinyi, lakini umeitika wewe. Na mara ya tatu umelitamka lote kwa kinywa chako."

Kiboko akaligeukia rundo, maana alau alikuwa na matikiti. Akang'ata kamba, akavuta jamvi. Vurugu! Vikaporomoka vibuyu. Vibuyu vitupu, vikavu, vya mji mzima. Cha Kobe, cha Njiwa, cha Swala, cha jirani, na kimoja kidogo kama ngumi, kipya, ambacho hakijaingia hata tone.

"Huu ndio mzigo wa mwenye jina," Nguchiro akasema, akiwa amesimama sasa. "Mwenye jina achukue mzigo wake. Kila zamu uliyokunywa, Mnywa-Zamu, utaijaza wewe, uipeleke nyumbani kwa mwenyewe. Mila ni mila. Au unasemaje, Bwana Korongo?"

"Mila ni mila," Korongo akasema. Na wanaosimulia wanaapa kwamba alitabasamu, ila mdomo ule mrefu ni vigumu kujua.

Kiboko angeweza kuwakanyaga wote, mnadhani hakufikiri? Aliwaza. Lakini alitazama huku na huku akaona macho, na kila jozi ya macho ilikuwa na jina lake jipya ndani yake, na akaelewa kwamba hata akiwakanyaga, atakuwa Mnywa-Zamu-ya-Mtoto aliyekanyaga watu. Litazidi kurefuka tu. Akakaa chini, pwaa.

Birika likajaa. Tiriri, tiriri, tiriri. Korongo akamtazama mke wa Nguchiro, akaita, na safari hii hakupiga kelele, aliita taratibu:

"Birika limejaa. Yuko wapi Shujaa?"

Mji wote ukamgeukia Kiboko. Kinywa cha Kiboko kikafunguka chenyewe, kwa mazoea. Kikabaki wazi. Kikafungwa. Koo la mama lilikuwa kavu kama siku ile, na sauti ikachelewa kama siku ile, lakini hakuna aliyeiwahi.

"Naam," mama akasema. "Yuko hapa mgongoni."

Akanywa. Akanywa mpaka akalazimika kupumua, akanywa tena, akakaa chini pale pale kando ya birika akamtoa mtoto mgongoni. Mtoto akanyonya, akanyonya, hakuacha. Nguchiro, aliyekuwa hajalia siku zote zile, akalia mbele ya watu na wala hakujifuta.

Kisha akamwendea Kiboko aliyekuwa anafunga vibuyu shingoni. Nguchiro ni mwema lakini hana adabu, hilo lazima niseme.

"Usihuzunike, Mwinyi," akamwambia. "Ungeitwa Mkuu ungepotea. Wakuu ni wengi, huyu Mkuu, yule Mkuu, wajukuu wanawachanganya na mwalimu anawachapa. Lakini wewe? Wewe uko mmoja tu. Hutakosewa na mtu mpaka kiyama."

Na kweli. Walikuja masultani wengine Vumbini waliojiita Wakuu, na mimi niliyewasikia wote simkumbuki hata mmoja. Hata wapambe wa wana wa Kiboko waliposimama barazani kutaja nasaba, walijaribu kusema "mwana wa Kiboko Mkuu..." na nyuma ya umati sauti ikauliza, "Kiboko yupi huyo?" Ikabidi wataje lile jingine ndipo watu wakasema, "Aaa! Huyo!"

Hapo ndipo kamba ya hadithi yangu ilipoishia. Nimeifunga fundo. Aliyeiona fupi aiunge kwa yake.

Na funzo lake, msiniambie sikuwapa, ni hili: watoto wema, mkiitwa na wakubwa zenu, itikeni upesi. Msiulize mnaitiwa nini. Kuuliza ni utovu wa adabu, na anayeitika haraka hupata jina zuri. Mmesikia? Mmesikia.

Haya. Mchele umekwisha kuchaguliwa, na mtungi hauna maji.

Makame!

Makame we!

Makame, mbona huitiki, na nakuona umekaa hapo hapo?

"Nimekaa, Shangazi. Sema kwanza ni la nini."